Howard Hughes

Howard Robard Hughes Jr. (24 Desemba 1905 – 5 Aprili 1976) alikuwa mfanyabiashara, mtengenezaji wa filamu, rubani na mbunifu wa ndege kutoka Marekani. Katika miaka ya 1930 aliweka rekodi kadhaa za kasi ya ndege, na mwaka 1938 alizunguka dunia kwa ndege kwa muda mfupi kuliko mtu yeyote kabla yake. Alikuwa mmoja wa watu matajiri zaidi duniani katika wakati wake.

Jina lake linakumbukwa pia kwa sababu ya ugonjwa wa akili unaojulikana kimataifa kwa kifupi cha OCD, yaani ugonjwa wa mawazo yasiyotoka kichwani na vitendo vya kurudiarudia. Miaka yake ya mwisho aliishi amejifungia katika vyumba vya hoteli, madirisha yamezibwa, akiogopa vijidudu. Maisha yake yanatajwa mara kwa mara na wanaofundisha na kujifunza elimu ya nafsi, kwa kuwa yanaonyesha jinsi ugonjwa huu unavyoanza na kukua, na jinsi watu wanaomzunguka mgonjwa wanavyoweza kuulisha kwa kumtii.

Ugonjwa wenyewe kwa ufupi

OCD ina sehemu mbili. Ya kwanza ni mawazo au picha zinazoingia akilini bila kualikwa na kurudi tena na tena, kwa mfano hofu ya uchafu, hofu ya kumdhuru mtu, au shaka kwamba mlango haukufungwa. Ya pili ni vitendo ambavyo mgonjwa hujiona analazimika kuvifanya ili hofu ile ipungue: kunawa mikono, kukagua kufuli, kuhesabu, kupanga vitu kwa mstari au kurudia maneno yaleyale. Kitendo huleta nafuu ya muda mfupi tu. Baada ya hapo hofu hurudi, mara nyingi kwa nguvu zaidi, na mgonjwa hulazimika kurudia tena.

Ugonjwa huu si sawa na kupenda usafi au kuwa mtu wa utaratibu. Mtu nadhifu hufurahia usafi wake. Mgonjwa wa OCD huteswa nao. Madaktari huangalia kama mawazo na vitendo hivyo vinakula muda mwingi, kwa kawaida zaidi ya saa moja kwa siku, au vinaharibu kazi, masomo na uhusiano na watu. Mara nyingi mgonjwa mwenyewe anajua kwamba hofu yake imepita kiasi, lakini kujua huko hakutoshi kumzuia. Inakadiriwa kwamba katika nchi nyingi mtu 1 hadi 3 katika kila watu 100 hupatwa nao wakati fulani wa maisha. Kwa kawaida dalili huanza utotoni, katika umri wa kubalehe au mwanzoni mwa utu uzima.

Wasemaji wa Kiswahili wanalo neno lililo karibu na hali hii. Neno wasiwasi limetoka katika Kiarabu, na kwa Waislamu mtu mwenye wasiwasi ni pamoja na yule anayerudia udhu mara nyingi kwa shaka kwamba haukutimia. Katika Kiarabu cha leo OCD huitwa kwa neno hilohilo, likiongezewa sifa ya kulazimisha.

Utoto na wazazi

Kwa tarehe iliyozoeleka Hughes alizaliwa tarehe 24 Desemba 1905 katika jimbo la Texas, ingawa kumbukumbu ya ubatizo wake inataja Septemba ya mwaka uleule. Baba yake, Howard Hughes Sr., alikuwa mtafutaji wa mafuta. Mwaka 1909 alipata hataza ya kifaa kipya cha kuchimbia visima, chenye vichwa viwili vya chuma vilivyozunguka na kusaga mwamba mgumu ambao vifaa vya zamani havikuweza kuupenya. Hakuviuza vifaa hivyo bali alivikodisha kwa wachimbaji, na kila mafuta yalipotafutwa fedha ziliingia. Kampuni yake, iliyoitwa baadaye Hughes Tool Company, ndiyo iliyokuwa chanzo cha utajiri wa mwanawe.

Mama yake, Allene Gano, alikuwa na hofu kubwa ya maradhi. Hofu hiyo haikuwa bila msingi, kwa kuwa homa ya matumbo, malaria na polio vilikuwa vikiua na kulemaza watoto katika miji ya kusini mwa Marekani, na chanjo ya polio ilikuwa bado kugunduliwa. Lakini Allene alipita kiasi. Alimkagua mtoto wake wa pekee kila siku: miguu, meno, masikio, hata choo chake. Ugonjwa ulipotangazwa mjini alimhamisha. Mtoto alipopelekwa kambi ya wavulana, mama aliandika barua kuuliza kuhusu afya yake na kuomba atengwe na wenzake wagonjwa.

Kijana Howard alikuwa mpole, mwenye kusikia kwa shida na asiye na marafiki wengi, lakini mwenye kipaji kikubwa cha ufundi. Akiwa na umri wa miaka 11 hivi alitengeneza mtambo wa redio, na baadaye aliifunga injini kwenye baiskeli yake. Akiwa na miaka 13 alipooza miguu kwa miezi kadhaa. Madaktari hawakuona sababu ya mwilini, na baadaye alipona kabisa. Baadhi ya waandishi wa maisha yake wanaona kwamba tukio hilo lilimfundisha kuwa ugonjwa huleta uangalizi na humwondolea mtu madai ya watu wengine.

Mama yake alifariki mwaka 1922 kwa matatizo ya mimba, na baba yake alifariki ghafla kwa ugonjwa wa moyo mwaka 1924. Hughes akawa yatima mwenye umri wa miaka 18 na mrithi wa sehemu kubwa ya kampuni. Aliacha masomo, akanunua hisa za ndugu zake, akaiomba mahakama imtambue kuwa mtu mzima, akapewa haki hiyo akiwa na miaka 19. Tangu siku hiyo hakuwa na mzazi, mwalimu wala mkubwa wa kazi wa kumwambia hapana.

Filamu

Mwaka 1925 Hughes alimwoa Ella Rice wa Houston, wakahamia Los Angeles. Ndoa ilivunjika mwaka 1929. Kampuni ya Texas aliiachia mhasibu wake, Noah Dietrich, ambaye aliisimamia kwa zaidi ya miaka 30, na yeye akaingia katika utengenezaji wa filamu. Filamu yake ya vichekesho Two Arabian Knights ya mwaka 1927 ilimpatia mwongozaji wake, Lewis Milestone, tuzo ya Oscar katika sherehe ya kwanza ya tuzo hizo.

Filamu iliyomtangaza zaidi ni Hell's Angels, kuhusu marubani wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Alianza kuitengeneza mwaka 1927 na kuitoa mwaka 1930. Alikusanya makumi ya ndege za vita na marubani wa kuzirusha. Katika anga tupu kasi ya ndege haikuonekana vizuri, kwa hiyo aliamuru watu wote wasubiri mawingu, wakasubiri kwa miezi. Filamu za sauti zilipoanza, aliipiga upya sehemu kubwa ya kazi iliyokuwa imekwisha, na mwigizaji mkuu wa kike akabadilishwa na Jean Harlow. Watu kadhaa walikufa katika kazi hiyo, na Hughes mwenyewe alianguka na ndege. Gharama ilikuwa kubwa mno kwa wakati ule.

Wakati huo watu waliona katika tabia hii upendo wa kazi iliyo bora, na kwa kweli ulikuwapo. Aliendelea kutoa filamu zenye jina, zikiwemo Scarface ya mwaka 1932 na The Outlaw ya mwaka 1943. Lakini kushindwa kuridhika, kurudia kitu mpaka kihisiwe kuwa sawasawa, na kuwataka wengine wote wafuate kila kipengele ni mambo yaliyojitokeza tena baadaye mahali pasipokuwa na kamera.

Urubani na ndege

Mwaka 1932 Hughes alianzisha kampuni ya kutengeneza ndege, Hughes Aircraft. Kazi yake ya kwanza kubwa ilikuwa ndege ya mashindano iliyoitwa H-1. Vichwa vya ribiti vilizamishwa vikawa sawa na bati la mwili wa ndege ili hewa ipite bila kuzuiwa, na magurudumu yaliingia ndani baada ya kuruka. Tarehe 13 Septemba 1935 Hughes aliirusha mwenyewe kwa kasi ya takriban kilomita 567 kwa saa, rekodi mpya ya dunia kwa ndege za nchi kavu. Januari 1937 alivuka Marekani kutoka Los Angeles hadi Newark kwa saa 7 na dakika 28.

Tarehe 10 Julai 1938 aliondoka New York pamoja na wenzake wanne katika ndege ya Lockheed yenye injini mbili. Walipitia Paris, Moscow, Omsk, Yakutsk, Fairbanks na Minneapolis, wakarudi New York baada ya siku 3, saa 19 na dakika 17. Muda huo ulikuwa karibu nusu ya rekodi iliyotangulia. Umati mkubwa ulimpokea barabarani, na mwaka uliofuata Bunge la Marekani liliidhinisha apewe nishani ya dhahabu. Mwaka 1939 alianza kununua hisa za shirika la ndege la TWA, akawa mmiliki wake mkuu.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia alipewa mkataba wa kutengeneza ndege kubwa ya kutua majini, ya kubeba askari 750 hivi. Kwa sababu ya upungufu wa madini ilitengenezwa kwa mbao. Mabawa yake yalikuwa na upana wa mita 97.5 kutoka ncha hadi ncha, na injini zilikuwa 8. Hughes alichelewesha kazi kwa kubadilisha na kukagua kila jambo, na vita vikaisha kabla ndege haijakamilika. Mwaka 1947 aliitwa mbele ya kamati ya Seneti kueleza matumizi ya fedha za serikali, akajitetea kwa ufasaha. Tarehe 2 Novemba mwaka huohuo aliirusha ndege hiyo katika bandari ya Long Beach kwa umbali wa kilomita 1.6 hivi, chini ya dakika moja. Haikuruka tena. Aliiweka katika banda maalumu chini ya uangalizi wa mafundi hadi alipokufa, na leo imo katika makumbusho huko McMinnville, Oregon.

Ajali na dawa za maumivu

Hughes alipata ajali kadhaa za ndege na gari. Mei 1943 ndege aliyokuwa akiijaribu katika Ziwa Mead ilivunjika ilipotua majini. Watu wawili walikufa na yeye akaumia kichwa. Ajali mbaya zaidi ilikuwa ya tarehe 7 Julai 1946, alipokuwa akijaribu ndege ya upelelezi aina ya XF-11. Rafadha moja iligeuza mwelekeo wa nguvu yake, na ndege ikaanguka juu ya nyumba za Beverly Hills na kuwaka moto. Askari mmoja alimvuta nje. Hughes alivunjika mbavu nyingi, pafu moja lilinywea, na aliungua vibaya.

Hospitalini alipewa mofini, kisha kodeini. Aliendelea kutumia kodeini kwa maisha yake yote, kwa viwango vilivyozidi kupanda. Kwa hiyo si sahihi kusema kwamba kila jambo la miaka yake ya mwisho lilitokana na OCD. Maumivu ya kudumu, majeraha ya kichwa, uziwi na uraibu wa dawa vilichangia pia.

Dalili zinavyokua

Watu wa karibu walianza kuona dalili zamani. Wapo waliosimulia kwamba mezani alizipanga punje za njegere kwa ukubwa kabla ya kuzila. Katikati ya miaka ya 1940 Dietrich alimsikia kwenye simu akirudia sentensi moja mara nyingi bila kutambua, naye Hughes akaacha kazi kwa miezi kadhaa na kutoonekana.

Baada ya ajali ya 1946 hali ilizidi. Alianza kushika vitu kwa kutumia tishu, kisha akawataka wasaidizi wake wafanye vilevile. Vikombe, vijiko, karatasi na vishikio vya milango vilishikwa kwa tabaka kadhaa za tishu. Aliandika maagizo marefu ya namna ya kufanya mambo madogo. Agizo linalojulikana zaidi linahusu kufungua kopo la matunda. Lina kurasa tatu na hatua tisa: kuandaa meza, kulichukua kopo, kuliosha, kulikausha, kusafisha mikono, kulifungua, kuyatoa matunda, kuzuia chochote kisidondokee chakula, na kumaliza kazi. Kila hatua ina maelezo yake ya kusugua na kusuuza, pamoja na umbali ambao kichwa cha mhudumu kinapaswa kuwa nao kutoka kwenye chakula.

Kipindi kimoja alijifungia kwa miezi katika chumba cha kuonyeshea filamu huko Los Angeles. Alikaa kitini, mara nyingi bila nguo, akila chokoleti na kunywa maziwa, akizipanga na kuzipangua boksi za tishu zilizomzunguka. Wasaidizi hawakuruhusiwa kumsemesha kabla hajawasemesha.

Jambo linalowashangaza wasomaji wengi ni kwamba mtu aliyeogopa uchafu kiasi hicho aliishi kichafu. Hakukata nywele wala kucha kwa miezi, hakuoga, na chumba chake hakikusafishwa. Katika OCD hili si ajabu. Lengo la mgonjwa si usafi kama watu wengine wanavyouelewa, bali kuikwepa hofu. Ikiwa kuoga kunahitaji ibada ndefu ya hatua nyingi, kutooga kabisa huwa rahisi zaidi. Ikiwa mfagizi analeta vijidudu kutoka nje, vumbi lililomo chumbani huonekana salama kuliko mfagizi.

Mwaka 1957 Hughes alimwoa mwigizaji Jean Peters. Kwa miaka kadhaa waliishi katika nyumba mbili tofauti za hoteli moja, na mke alimwona mumewe kwa miadi. Baada ya mwaka 1966 hawakuonana tena. Walizungumza kwa simu tu. Ndoa ilivunjwa mwaka 1971.

Katika biashara nako alijificha. Shirika la TWA lilipomshtaki mwaka 1961 hakufika kutoa ushahidi, na mwaka 1963 mahakama ikatoa hukumu dhidi yake bila kumsikiliza. Hukumu hiyo ilitenguliwa na Mahakama Kuu ya Marekani miaka 10 baadaye, lakini tayari alikuwa ameuza hisa zake zote za TWA mwaka 1966 kwa dola zaidi ya milioni 546.

Kujifungia hotelini

Novemba 1966 Hughes aliingia Las Vegas kwa treni usiku na kuchukua ghorofa za juu za hoteli ya Desert Inn. Wenye hoteli walipomtaka aondoke ili kuwapisha wacheza kamari, aliinunua hoteli. Baadaye alinunua hoteli na kasino nyingine kadhaa, na pia kituo cha televisheni cha mji huo, na hivyo akaweza kupata filamu usiku kucha. Alikaa humo miaka minne bila kutoka chumbani. Madirisha yalizibwa. Serikali ilipofanya majaribio ya mabomu ya nyuklia katika jangwa la Nevada, alipigana nayo kwa fedha na mawakili, akafika hadi kumwandikia Rais Lyndon Johnson. Hofu yake ya kitu kisichoonekana kinachoingia mwilini ilikuwa imehama kutoka vijidudu hadi mionzi.

Aliyekuwa akimhudumia ni kikundi kidogo cha wasaidizi wa kiume, wengi wao waumini wa Kanisa la Mormoni, ambao hawakunywa pombe wala kuvuta sigara. Walilipwa vizuri. Waliyaandika maagizo yake, wakayahifadhi na kuyatekeleza neno kwa neno. Madaktari walioajiriwa naye walimpa dawa alizotaka. Waswahili husema fedha ni sabuni ya roho. Kwa Hughes fedha zilinunua tishu na watu wa kuzishika, na kwa sababu hiyo hofu yake haikujaribiwa hata mara moja. Mgonjwa maskini hulazimika kushika kishikio cha mlango ili aende kazini. Hughes aliweza kumlipa mtu wa kukishika.

Novemba 1970 alihamishwa kwa siri hadi Bahamas, kisha akaishi kwa vipindi Nicaragua, Kanada na Uingereza. Mwaka 1971 mwandishi Clifford Irving alidai kwamba Hughes amemsimulia maisha yake kwa ajili ya kitabu. Hughes alizungumza kwa simu na waandishi wa habari waliojua sauti yake, akakanusha, na Irving akafungwa kwa udanganyifu. Mwaka 1972, kabla ya kukutana na Rais Anastasio Somoza wa Nicaragua, alikubali kunyolewa na kukatwa kucha. Mwaka 1973 huko Uingereza alitoka hotelini na kurusha ndege tena mara chache akiwa pamoja na rubani mwingine. Matukio haya yanaonyesha kwamba ndani ya mgonjwa bado kulikuwa na mtu aliyeweza kutoka pale alipopata sababu yenye uzito. Lakini mnamo Agosti mwaka huo alianguka na kuvunjika nyonga, na baada ya hapo hakutembea tena.

Kifo

Mwanzoni mwa mwaka 1976 Hughes alikuwa Acapulco, Mexico. Alikuwa amedhoofika sana, na wakati mwingine hakuwa na fahamu. Tarehe 5 Aprili alipakiwa katika ndege apelekwe hospitali ya Houston, mji wa utoto wake, akafariki njiani akiwa na umri wa miaka 70.

Mwili wake, uliokuwa na urefu wa zaidi ya mita 1.9, ulikuwa na uzito wa kilo 42 hivi. Alikuwa amebadilika kiasi kwamba alama za vidole zilitumika kuthibitisha kuwa ni yeye. Picha za eksirei zilionyesha vipande vya sindano vilivyovunjikia mikononi. Sababu ya kifo ilitajwa kuwa figo kushindwa kufanya kazi. Hakuna wasia wake uliokubaliwa na mahakama. Mali iligawiwa kwa jamaa zake baada ya kesi za miaka mingi.

Uchunguzi baada ya kifo

Katika uhai wake haikutangazwa kamwe kwamba Hughes amepimwa na kukutwa na OCD. Baada ya kifo, mawakili wa mirathi walimwomba mwanasaikolojia Raymond Fowler achunguze hali ya akili yake kwa kusoma nyaraka na kuwahoji waliomfahamu. Fowler aliifuatilia hofu ya Hughes hadi utotoni, kwenye wasiwasi wa mama yake, na akaona kwamba dalili zilikua hatua kwa hatua kwa miaka mingi.

Uchunguzi wa aina hii una mipaka yake, kwa sababu marehemu hawezi kuulizwa. Pia si haki kuwatwika wazazi lawama yote. Leo inafahamika kwamba OCD ina mchango wa urithi, na kwamba kwa wagonjwa mizunguko fulani ya mawasiliano ndani ya ubongo hufanya kazi tofauti na kawaida. Malezi ya hofu yanaweza kuipa hofu umbo, lakini watoto wengi wa wazazi wenye hofu hawapati ugonjwa huu.

Tiba ambayo hakuipata

Mwaka 1966, ambao Hughes alijifungia Desert Inn, mwanasaikolojia Victor Meyer wa London alichapisha taarifa ya wagonjwa wawili aliowatibu kwa njia mpya. Aliwafanya wakutane na kile walichokiogopa, kisha akawazuia wasifanye kitendo chao cha kujitakasa au kujilinda. Hofu ilipanda, halafu baada ya muda ikashuka yenyewe bila kitendo hicho. Njia hii iliboreshwa na watafiti wengine, na leo ndiyo tiba ya mazungumzo na mazoezi inayopendekezwa zaidi kwa OCD. Hufanywa taratibu, kwa ridhaa ya mgonjwa, kuanzia hofu ndogo kwenda kubwa.

Katika miaka ileile madaktari walianza kuona kwamba dawa ya klomipramini inapunguza dalili. Baadaye zilipatikana dawa nyingine kama fluoksetini na setralini. Wagonjwa wengi hupata nafuu kubwa kwa dawa, kwa mazoezi, au kwa vyote viwili.

Tiba hizi zinapingana moja kwa moja na utaratibu uliotawala chumba cha Hughes. Watafiti wameonyesha kwamba jamaa wa mgonjwa, kwa huruma au kwa kutaka amani nyumbani, huingia katika vitendo vyake: hunawa anavyotaka, humthibitishia mara kwa mara kwamba mlango umefungwa, hubeba vitu asivyotaka kuvigusa. Kila wanapofanya hivyo hofu hutulia kwa dakika chache na ugonjwa huimarika. Kwa hiyo katika tiba jamaa hufundishwa kuacha kushiriki, hatua kwa hatua, bila kumdhihaki wala kumkemea mgonjwa, kwa makubaliano naye. Kinachokataliwa ni agizo la ugonjwa. Mgonjwa mwenyewe hasukumwi mbali. Hughes hakuwa na mtu wa kumfanyia hivyo. Waliomzunguka walikuwa waajiriwa wake, na anayekataa agizo hupoteza kazi.

Urithi

Mwaka 1953 Hughes alianzisha taasisi ya utafiti wa tiba yenye jina lake, Howard Hughes Medical Institute, na kuipa umiliki wa kampuni yake ya ndege. Wakati huo wengi waliiona kuwa njia ya kukwepa kodi. Baada ya kifo chake, mwaka 1985, taasisi iliiuza kampuni hiyo kwa General Motors kwa zaidi ya dola bilioni 5, ikawa mojawapo ya taasisi binafsi zenye fedha nyingi zaidi za utafiti wa biolojia na tiba. Hadi leo inawalipia wanasayansi wanaochunguza chembe hai, jeni na ubongo.

Mwaka 2004 maisha yake hadi mwaka 1947 yalionyeshwa katika filamu The Aviator ya Martin Scorsese, Leonardo DiCaprio akiigiza kama Hughes. Filamu hiyo iliwafanya watazamaji wengi waijue OCD kwa mara ya kwanza. Inaishia Hughes akiwa bado rubani na mtengenezaji wa ndege, kabla ya miaka 29 iliyofuata, ambayo sehemu yake kubwa aliimalizia vyumbani.